Rafiki Yupi? Historia ya Majina ya Urafiki Katika Fasihi ya Kijapani

Msomaji wa riwaya ya Kijapani katika tafsiri hukutana na neno lile lile kila mahali: rafiki. Katika matini yenyewe mambo si hivyo. Humo mna tomo, tomodachi, yujin, shin'yu, nakama, doshi na mengineyo. Wapo wanaoyapanga maneno haya kama ngazi: eti chini kabisa kuna chijin, yaani mtu mnayejuana tu, juu yake tomodachi, na kileleni shin'yu, rafiki wa chanda na pete. Makala hii inaupinga mpango huo. Hoja yetu ni kwamba maneno haya hayapimi tu kiasi cha mapenzi. Kila moja lina historia yake, na historia hiyo ndiyo inayotuonyesha kitu gani kimewafunga watu hao pamoja.

Tuanze na tomo. Hili ni neno la Kijapani asilia. Wajapani walipochukua maandishi ya Kichina, waliliandika kwa alama ambayo asili yake ni picha ya mikono miwili iliyo pamoja. Alama nyingine ya rafiki, inayoandikwa kwa nadra zaidi, huelezwa kuwa ilitokana na mishipi miwili ya kauri, wale wale makombe wa baharini waliokuwa fedha ya kale. Tomodachi ni tomo lililoongezewa -tachi, kiambishi cha wingi ambacho zamani kilikuwa cha heshima, kikitumika kwa miungu na wakubwa. Leo heshima hiyo imekwisha, na hata wingi wenyewe umelegea: mtu mmoja tu huitwa tomodachi na hakuna anayeshangaa. Ndilo neno la mtoto wa shule, la jirani, la kila siku.

Yujin lina alama ile ile ya mikono miwili, lakini linasomwa kwa matamshi yaliyotoka Uchina na kuongezewa alama ya mtu. Kimaana halina tofauti kubwa na tomodachi. Tofauti ni ya mahali. Yujin hukaa gazetini, katika barua rasmi na katika hotuba ya harusi. Kwetu ni kama nyumbani na makazi: hebu mfikirie mtoto anayemwambia mwenzake, "Sasa narudi makazini." Atachekwa! Basi hata mtoto wa Kijapani hasemi anakwenda kucheza na yujin wake.

Nakama lina mambo mengine kabisa. Katika enzi ya watawala wa Tokugawa, wafanyabiashara waliungana katika vyama vilivyoitwa kabunakama, kila chama kikilinda haki ya wanachama wake kufanya biashara fulani. Serikali ilivitambua rasmi mwaka 1721, ikavivunja mwaka 1841 kwa kudhani ndivyo vinavyopandisha bei, kisha ikavirudisha mwaka 1851 baada ya kuona soko limevurugika. Sasa hapo tunaona sura ya neno hili: nakama ni mtu wa ndani ya duara. Hulazimiki kumpenda, mmefungwa na kazi moja na hatima moja. Na penye duara pana mtu wa nje, naye Wajapani wana jina lake: nakamahazure, aliyeachwa kando. Tomodachi halina mpaka wa namna hiyo. Nadhani Kiswahili kina neno lililo karibu nalo, nalo si rafiki bali mwenzetu. Sikiliza hiyo -etu iliyomo. Katika katuni ya maharamia ya Oda Eiichiro, One Piece, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1997, mabaharia wa jahazi moja ni nakama, na baadhi ya mashabiki waliokuwa wakiifasiri kwa Kiingereza waliona afadhali waliache neno hilo lilivyo.

Doshi nalo linafunga watu kwa nia. Alama zake mbili ni moja na nia, na liliwafaa wanaharakati wa siasa, kama ndugu ya majukwaani tuliyoizoea Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967.

Kuna pia chikuba no tomo, rafiki wa farasi wa mwanzi, yaani mliyecheza naye utotoni mkipanda vijiti mkisema ni farasi. Dazai Osamu alilitumia katika hadithi yake ya mwaka 1940, Hashire Melos, kumtaja mtu anayekubali kuwa rehani ya uhai kwa ajili ya mwenzake. Utamu mtupu! Lakini chimbuko lake ni kisa cha Kichina cha karne ya 4, ambapo jemadari Huan Wen alijigamba kwamba Yin Hao alikuwa akiokota farasi wa mwanzi aliowatupa yeye, kwa hiyo ni haki awe chini yake. Neno la mapenzi lilizaliwa katika dharau.

Turudi kwenye fasihi, maana ndiko tunakopotoshwa na neno moja. Mwaka 1919 Mushanokoji Saneatsu aliandika Yujo, yaani Urafiki. Kijana Nojima anampenda Sugiko, naye Sugiko anampenda Omiya, rafiki wa Nojima. Jina la riwaya ni neno la asili ya Kichina, la dhana, la vijana wasomi wanaojadili urafiki kama wanavyojadili sanaa. Mwandishi mwenyewe alitoka katika kundi la Shirakaba, lililoanzisha jarida lake mwaka 1910.

Miaka michache kabla yake, mwaka 1914, Natsume Soseki alikuwa ametoa Kokoro, yenye pembe tatu kama hiyo. Sensei anajua kwamba K anampenda binti wa nyumba wanamopanga. Anakwenda kisirisiri kumposa yeye. K anajiua. Kikulacho ki nguoni mwako. Je, Sensei anapomtambulisha K katika barua yake anamwitaje? Hamwiti shin'yu. Anamwita tomodachi, neno la watoto wa shule. Mfasiri akiweka "mwandani wangu" hapo, atakuwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya kosa kutendeka. Soseki anatuachia neno jepesi, halafu uzito unakuja wenyewe, ukurasa baada ya ukurasa. Na hapa ngazi yetu inaanguka, kwa kuwa neno lililowekwa chini ndilo linalobeba mauti.

Wahakiki wetu wamezoea kuuliza maudhui ya kazi iliyofasiriwa bila kuuliza neno lililokuwa pale awali. Kiswahili si maskini: tuna rafiki, ambalo katika Kiarabu ni mwenzi wa safari, tuna mwandani, sahibu, msiri, mwenzetu, shoga wa akina mama wa pwani. Kazi ya mfasiri ni kuchagua kati yao akijua kinachowafunga wahusika: utoto, kazi, nia au siri. Na kazi ya mhakiki ni kumdai sababu za uchaguzi huo.