Kwa nini wakimbizi wa 1972 waliletwa mpaka Mpanda

Mpaka mwaka 2012, kabla Mkoa wa Katavi na Wilaya ya Mlele havijazaliwa, Inyonga ilikuwa wilaya moja na Katumba na Mishamo, makazi makubwa ya wakimbizi wa Burundi. Wote walikuwa watu wa Mpanda. Wengi husema wakimbizi waliletwa kwenye misitu hii kwa sababu ardhi ilikuwa tele. Ni kweli, ila si yote.

Mwishoni mwa Aprili 1972 yalizuka maasi kusini mwa Burundi, na jeshi la Rais Michel Micombero likajibu kwa kuwasaka Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, wauguzi. Waliouawa wanakadiriwa kupita 100,000. Sheria ya kimataifa haikuwakinga vya kutosha. Mikataba ya Geneva ya 1949 ilikwisha kukataza kushambulia hospitali za raia, lakini sehemu yake kubwa iliandikwa kwa ajili ya vita vya nchi na nchi. Kwa mapigano ya ndani ilibaki ibara ya tatu peke yake, inayodai majeruhi na wagonjwa wakusanywe na kutibiwa. Itifaki ya Pili, iliyoweka wazi kwamba hata katika vita vya ndani mganga haadhibiwi kwa kumtibu mtu yeyote, ilikuja 1977. Wauguzi wa Burundi walikuwa wamekwisha kufa.

Waliosalimika walivuka kuingia Tanzania, na hapo ndipo sheria ya Waafrika wenyewe inapoingia. Tarehe 10 Septemba 1969, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitia saini mkataba wa wakimbizi. Ulimtambua kuwa mkimbizi hata yule anayekimbia vurugu zilizoikumba nchi yake, bila kumtaka athibitishe kwamba ni yeye binafsi anayewindwa. Ibara ya pili inakataza kumrudisha mtu kwenye hatari, inasema kumpa hifadhi si uadui dhidi ya nchi aliyotoka, na inataka wakimbizi wakae umbali wa kutosha kutoka mpakani.

Mkataba huo ulianza kutumika Juni 1974. Katumba ilifunguliwa kabla ya hapo. Tanzania ilitenda kabla sheria haijaibana, na kwangu hilo ni jambo la kujivunia.

Umbali ule haukuwa wa bure. Mwaka 1973 ndege za Burundi zilishambulia vijiji vya Kigoma na kuua Watanzania. Mishamo, iliyoanzishwa 1978, ikawekwa nayo ndani huku, mbali na mpaka. Kila familia ilikatiwa kipande cha msitu, ikapewa jembe na shoka, ikagawiwa chakula huku ikisubiri mavuno yake ya kwanza. Serikali ilishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na TCRS, shirika la Kikristo la huduma kwa wakimbizi. Pamoja na mashamba, vikaja visima, shule na zahanati. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa kuwapokea wakimbizi.

Mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa kwa watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na makazi mengine ya Ulyankulu. Waliofika wakiwa vijana mwaka 1972 sasa ni wazee. Walimu wa historia wa Inyonga na Mpanda, wapelekeni wanafunzi wakawasikilize na kuandika wanayoyasema, sasa hivi, wazee hao wangali hai.