Kiwanja cha Ndege cha Mafia katika Mwaka 1915

Mwalimu afundishapo habari za vita kuu ya kwanza katika nchi zetu za pwani hutaja manowari, mizinga na majenerali. Ni mara chache atajapo kiwanja. Walakini vita ile ya majini iliyokwisha katika mikoko ya Rufiji mwezi wa Julai 1915 isingalikwisha vile kama si kipande cha ardhi katika kisiwa cha Mafia, kilichosafishwa na kusawazishwa kiwe mahali pa kurukia na kutua ndege za Waingereza. Kilikuwa kiwanja kidogo, na kazi yake kubwa ilikwisha katika muda wa majuma machache. Katika kurasa hizi twataka kueleza kwa nini kilifanywa, kilifanya kazi gani, na kimeacha nini katika lugha yetu na katika ukumbusho wa watu. Sisi tulioko Micheweni, kaskazini ya Pemba, tuko mbali na Mafia. Lakini habari hizi zatuhusu, kwa kuwa zilianza katika bandari ya Unguja, na kwa kuwa Pemba na Mafia vilikuwa visiwa ndugu kabla ya kutengwa.

Utengano huo ndio mwanzo wa mambo. Katika mapatano ya mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubali kwamba Unguja, Pemba na Mafia ni visiwa vya Sultani wa Unguja. Miaka minne haikupita ila mapatano mengine yakafanywa: kwa mkataba wa mwaka 1890 Unguja na Pemba viliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na Mafia ikaachiwa Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Basi vita ilipoanza Agosti 1914, Mpemba na mtu wa Mafia, wenye lugha moja na dini moja, wenye kuzuru jamaa zao kwa majahazi yale yale, walijikuta chini ya bendera mbili zenye kupigana. Wala hapakuwa na mtu aliyewauliza shauri.

Wadachi walikuwa na manowari moja ya kutisha katika bahari hii, jina lake Königsberg, yenye mizinga 10 ya inchi nne na kitu, na nahodha wake akiitwa Max Looff. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, ilitokea mbele ya bandari ya Unguja, ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga, mashine zake zikitengenezwa. Pegasus haikuweza kukimbia, wala mizinga yake haikufika mbali kama ya adui. Kwa muda mfupi ilikuwa imekwisha kuharibika, na mabaharia zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Waliozikwa Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji, makaburi yao yapo hata leo.

Baada ya hayo Königsberg, mashine zake nazo zikihitaji matengenezo, iliingia katika delta ya Rufiji ikajificha. Msomaji aliyekaa kwetu Micheweni hatahitaji kuelezwa sana namna mikoko ifichavyo chombo. Ukiingia katika hori maji yakiwa yamejaa, hatua chache tu kutoka mlangoni hukioni tena chombo cha mwenzio. Wasikia sauti yake tu. Sasa fikiri mikoko ya Rufiji, ambayo kwa miaka mingi majahazi ya Uarabuni yalikuwa yakienda huko kupakia boriti: miti mirefu, njia za maji nyingi zenye kupindana, tope lisilo na mahali pa kusimama mtu. Waingereza walijua mwisho wa Oktoba 1914 kwamba adui yumo humo, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kuingia kwa ajili ya uchache wa maji, na kutoka baharini hawakuweza kumwona. Mzinga haufai kitu kama mpigaji haoni shabaha. Haja yao basi ilikuwa jicho la kutazama kutoka juu.

Jicho la kwanza liliajiriwa kutoka Afrika ya Kusini. Rubani mmoja, Dennis Cutler, aliletwa pamoja na ndege yake ya majini kutoka Durban, akaruka Novemba 1914 kutoka kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, na katika mwezi ule ule akaiona Königsberg ndani ya delta. Mwezi wa Desemba mashine yake ilizimika akiwa juu ya adui, akaanguka, akashikwa. Mwaka 1915 zikaja ndege za majini za jeshi la Kiingereza, pamoja na rubani John Cull. Hizo nazo zilishindwa na joto la nchi. Gundi iliyoshika mbao zao ililegea, na mbao zikapinda. Tena hewa ya joto ni nyepesi, haibebi bawa kama hewa ya baridi; na ndege ya majini huchukua mzigo wa vielezo vyake vikubwa ambavyo juu angani havina kazi. Nyingine hazikuweza kupanda juu ya kutosha kuepuka bunduki za Wadachi. Ndege za namna bora zaidi zilizofuata ziliweza kupiga picha za manowari mwezi wa Aprili, lakini udhia ulikuwa ule ule.

Hapo ndipo kilipozaliwa kiwanja. Mafia ilikuwa imekwisha kutekwa na Waingereza mwezi wa Januari 1915, na yenyewe yatazamana na delta. Shauri lilikuwa kuacha ndege zenye vielezo na kuleta ndege zenye magurudumu, nyepesi zaidi, zitakazoruka kutoka nchi kavu. Mwezi wa Juni zilifika ndege nne: mbili za Henri Farman na mbili za Caudron, kazi za mafundi wa Kifaransa, zilizofanywa kwa mbao, waya na nguo. Ndege kama hizo hazikutaka barabara ya mawe. Zilitaka uwanda mtupu, mkavu, usio na kisiki wala shimo. Lakini Mafia ni kisiwa cha minazi na vichaka, na mahali pa namna hiyo hapapatikani pasipo kazi. Kazi yenyewe twaijua sote: ni kazi ya shoka, panga, jembe na mikono mingi. Majina ya marubani yameandikwa katika vitabu vya vita. Majina ya mikono ile hayamo.

Kiwanja hakikuondoa hatari zote. Katika siku za kwanza ndege moja ya kila namna ilivunjika, zikabaki mbili. Lakini mbili zilitosha, maana mwezi wa Juni zilikuwa zimefika pia manowari mbili ndogo, Severn na Mersey, ambazo hapo kwanza ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Zilihitaji maji machache tu, na kila moja ilikuwa na mizinga miwili ya inchi sita. Hizi ziliweza kuingia mtoni. Nazo zikiisha kuingia, mwenye kuziongoza ni aliye juu.

Namna ya kufanya ilikuwa hii. Manowari hutia nanga ndani ya mto, maili kadhaa kutoka kwa adui, wala haimwoni kwa sababu ya miti. Ndege yatoka Mafia, yavuka mlango wa bahari, yazunguka juu. Ndani yake mna watu wawili: mmoja aendesha, mwenziwe atazama. Katika Farman mashine iko nyuma, hata mtazamaji aliye mbele huona nchi yote chini yake. Kombora lipigwapo, hutazama mahali lilipoangukia, kisha kwa simu ya upepo hupeleka herufi chache zenye maana waliyopatana: limepungua, limezidi, kushoto, kulia, limepata. Mpiga mzinga hurekebisha, apiga tena. Basi mzinga ulikuwa mtoni, na macho yake yalikuwa angani.

Tarehe 6 Julai walijaribu mara ya kwanza. Ndege zilikwenda na kurudi kiwanjani siku nzima, lakini mizinga ya Königsberg ilikuwa na shabaha nzuri. Mersey ilipigwa, watu wake kadhaa wakafa, na manowari zote mbili zikatoka kabla ya jua kuchwa. Walirudi Jumapili, tarehe 11 Julai. Cull aliendesha Farman, na mtazamaji wake alikuwa kijana aitwaye Arnold. Makombora ya Severn yalipokwisha kuanza kupata, ndege ilipigwa na mashine ikaharibika. Arnold alipeleka habari kwamba wamepigwa na wanashuka. Na walipokuwa wakishuka pasipo mashine, juu ya mikoko, aliendelea kupeleka masahihisho ya shabaha mpaka karibu ya kufika majini. Ndege iliangukia mtoni, ikapinduka. Cull alikuwa amefungwa kwa mkanda akazama nayo, lakini alijinasua, na mashua ya Mersey ikawaokoa wote wawili. Siku ile ile Königsberg iliwaka moto, na nahodha wake, naye amejeruhiwa, akaamuru izamishwe. Tangu Jumapili ya Unguja hata Jumapili ya Rufiji yalikuwa majuma 42.

Mwisho wa manowari haukuwa mwisho wa vita. Wadachi waliopoa mizinga yote 10, wakaifanyia magurudumu katika karakana za Dar es Salaam, wakaikokota barani, na watu wa nchi wakaendelea kufa kwa ajili yake. Mmoja wa mizinga hiyo umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus, maadui wawili katika uwanja mmoja. Na ndege zilizobaki hazikukaa Mafia. Kabla ya mwaka kwisha wenyewe walikuwa wamekwisha kuhamia Maktau, katika nchi ambayo leo ni Kenya. Miaka ilipopita chombo kile kilibadili kazi. Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilianza kuchukua barua kutoka London hata Mwanza. Na leo mgonjwa wa Pemba aweza kuruka kutoka kiwanja kilicho karibu na Chake Chake akafika Unguja kabla ya chai yake kupoa.

Natuangalie sasa lugha. Watu wa pwani walipoona chombo hiki hawakuhitaji kuazima kila neno. Wengine walisema eropleni, lakini neno lililoshinda ni ndege, na sarufi ikatengeneza mpaka wake yenyewe: ndege mwenye uhai ametua, ndege ya chuma imetua. Mwanafunzi asiyejua Kiswahili vema huanguka katika mpaka huu. Mtoto wa Micheweni hauvuki hata mara moja, ingawa hakufundishwa na mtu. Kutua lenyewe ni neno la kale: mchukuzi hutua mzigo, baharia hutua tanga, jua hutua magharibi, na ndege hutua mtini. Rubani ni neno la majini, lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni yule ajuaye njia za maji akaongoza chombo mlangoni. Sasa aongoza angani, na abiria wake wana jina lile lile walilokuwa nalo jahazini. Kiwanja ni mahali palipowekwa wazi, kama uwanja ulio mbele ya nyumba. Mzinga hapo kwanza ni gogo la nyuki. Kwa hiyo habari yote ya Rufiji yaweza kusimuliwa na mzee wa pwani karibu kwa maneno ya babu zake, isipokuwa bomu na manowari, ambayo manowari nalo ni neno la Waingereza lililovishwa kanzu.

Twaleta jambo hili mbele ya walimu na makasisi kwa sababu si la maneno matupu. Watu wakiisha kukipa kitu kigeni jina lao, hukifanya kiwe chao. Lakini historia ya kitu chenyewe bado yaandikwa kama kwamba wao hawakuwapo. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi yenye majina. Cull na Arnold walipewa nishani. Looff alikuwa na sifa zake kwao. Hao wote walistahili kukumbukwa, wala hatuwaonei wivu. Twauliza tu: nani aliyekata visiki? Shamba lilikuwa la nani kabla halijawa kiwanja? Na mwenye shamba alipata nini? Kiwanja cha udongo si kama msikiti au ngome, ambazo hata zikianguka huacha ukuta. Kikiachwa misimu michache, majani huota, na baada ya hapo hakuna kitu kiwezacho kukishuhudia ila jina la mahali na maneno ya wakazi.

Walioshuhudia mwaka 1915 wamekwisha kufa wote. Wajukuu wao wako. Nasi twawasihi walimu wenzetu, walioko Mafia, Rufiji, Unguja na hapa Pemba, wafanye kazi moja nyepesi: wawatume wanafunzi wa madarasa ya juu kuwauliza wazee wa nyumbani majina ya viwanja, mashamba, hori na visima, na sababu ya kila jina, wayaandike kama yalivyosemwa, kwa lahaja ya msemaji, wala wasiyasahihishe yafanane na ya vitabuni. Mwanafunzi atajifunza imla, sarufi na historia kwa pamoja. Na kasisi aombaye kwa ajili ya waliokufa vitani atakuwa na majina zaidi ya kutaja kuliko yale yaliyochongwa katika mawe.