Kijivu cha Hamburg

Novemba moja binamu yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Hamburg. Alikuwa ameenda kusomea uuguzi, baada ya mwaka mzima wa kukesha na vitabu vya Kijerumani kwenye bedsita yake pale Roysambu. Nilitarajia anisimulie habari za theluji. Hakuna theluji, akasema. "Ni mvua tu, na si mvua ya maana hata, ni hii ya kukuchokoza. Aki jua sijaliona wiki mbili. Saa hii ni saa kumi na giza imeshaingia. Sijui kama nimeamka ama bado."

Nikamjibu kijinga: si hata Nairobi mwezi wa saba iko hivyo tu?

Hakunijibu siku tatu.

Haiko hivyo. Mwezi wa saba kwetu, upepo wa kusi huleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi, unapanda nyanda za juu, unageuka wingu linalotukalia kichwani hadi mchana. Tunatafuta jaketi, tunalalamika kwenye matatu, tunakunywa chai kupita kiasi. Lakini saa haziguswi. Nyuma ya wingu lile jua limechomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, na litazama saa kumi na mbili na nusu hivi, kama kawaida yake. Hamburg iko nyuzi 53 kaskazini mwa ikweta. Katikati ya Desemba jua huko huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Halafu hizo saa saba na nusu zinazobaki, wingu linazifunika. Wenyeji wana neno lao, Schmuddelwetter, yaani hali ya hewa ya uchafu-uchafu. Neno lenyewe ukilitamka linasikika kama kiatu kilicholowa.

Baada ya zile siku tatu ndipo nikaanza kumsoma upya mtu aliyepita njia hiyo zaidi ya miaka 150 kabla ya binamu yangu.

Salme binti Said alizaliwa Unguja mwaka 1844, katika jumba la Mtoni, binti wa Sultani Seyyid Said na suria wa Kicherkesi. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu wasichana walifundishwa kusoma tu. Hiyo tabia ya kujifundisha mwenyewe ishike, tutaihitaji mbele. Mwaka 1866 alipata ujauzito wa Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe. Kwa binti wa Sultani hilo lilikuwa jambo la hatari ya maisha. Akatoroka usiku kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, na Mei 1867 akabatizwa jina la Emily na kufunga ndoa, yote siku moja. Wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto alifia njiani, Ufaransa.

Kwa hiyo aliingia Hamburg majira ya joto ya 1867, umri wake miaka 22, amezika mwana. Mji ulimpokea na jua ambalo halitaki kuzama, maana Juni huko kunakuwa na mwanga hadi saa nne usiku. Ni kama mji ule unakudanganya makusudi. Na wengi wetu bado tunafika hivyo, mwezi wa nane au wa tisa, tunapiga picha kando ya ziwa la Alster, tunatuma nyumbani, kila mtu anaandika umeiva. Ziwa hilohilo ndilo alilokaa nalo Salme. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Uhlenhorst, barabara inayoitwa Schöne Aussicht, Mandhari Mazuri.

Kisha ikaja Novemba.

Ili uelewe Novemba ilimfanya nini, fikiria alikotoka. Watu wa pwani walipanga mwaka kwa upepo. Kaskazi huleta majahazi na joto, halafu masika, halafu kusi na kipupwe, halafu vuli. Kipupwe ndiyo baridi yenyewe ya Unguja, na ni baridi ya kujifunika shuka tu. Masika hunyesha kweli, lakini hunyesha na kuisha. Mchana huohuo barabara inatoa mvuke. Lugha haikuwa na neno la miezi mitano ya kijivu. Hata leo tunasema "majira ya baridi" kwa kukopa maneno yaliyokuwepo, na baridi si tatizo kubwa. Baridi unaivalia koti.

Katika barua zake, zilizochapishwa muda mrefu baada ya kufa kwake, kinachomlemea zaidi ni kufungiwa. Nyumba alizokulia zilikuwa na ua katikati, roshani, watu kadhaa wanaingia na kutoka, sauti za watoto, harufu za jikoni. Nyumba ya Hamburg wakati wa baridi hufungwa kila mlango ili joto la jiko la makaa ya mawe lisitoroke. Mtu anakaa chumba kimoja na moto wake. Heinrich alienda ofisini asubuhi, na Kiswahili kikaenda naye, kwa sababu ndicho walichosikilizana kwacho. Watumishi walijua Kijerumani pekee. Ukijumlisha, mwanamke yuko ndani ya nyumba nzuri, mjamzito tena (binti yao Antonie alizaliwa Machi 1868), msiba wa mwaka huohuo hajaupumzisha, nje kijivu, ndani kimya hadi mume arudi.

Sasa tusimpambe sana. Yale maisha ya Unguja aliyoyakumbuka kwa utamu yalibebwa na watumwa. Kwenye kitabu chake aliutetea utumwa huo mbele ya wasomaji wa Ulaya, na msimamo huo ndio uliosababisha Hamburg, baada ya kuupa uwanja mdogo jina lake mwaka 2019, ibadilishe mawazo. Ninapomsoma akilalamikia upweke wa jikoni la Kijerumani, sehemu yangu moja inamhurumia na nyingine inauliza ni nani aliyekuwa akiuwasha moto kule Mtoni. Zote mbili nimeziacha zikae.

Alichofanya na ile baridi ya kwanza ni kujifunza. Kijerumani, kusoma na kuandika kwa herufi za Kilatini, namna ya kuendesha nyumba ya Kizungu. Alianza upya kama yule msichana wa mfupa wa ngamia. Akazaa watoto watatu kwa miaka mitatu. Na kwa muda, nadhani, ilimwezekea.

Agosti 1870, Heinrich alianguka akishuka kwenye tramu ya farasi, ikampita juu, akafa. Antonie alikuwa na miaka miwili, Rosalie miezi minne, katikati yao Said. Ni hapo ninapoona tofauti ambayo sikuijua nilipomjibu binamu yangu ovyo. Mvua ya Novemba 1870 haikuwa tofauti na ya 1867. Digrii zilezile, wingu lilelile. Lakini sasa jioni hakuna anayerudi kuongea Kiswahili. Hali ya hewa ilikuwa imeondolewa mtu aliyesimama kati yake na Salme.

Miaka iliyofuata alihamahama: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Pesa zilipungua. Alidai urithi wake kutoka kwa nduguye, Sultani Barghash, bila kuupata. Akafundisha Kiarabu ili watoto wale. Afya yake ilikuwa mbaya kiasi cha kufikiri hataishi kuwaona wakikua, ndiyo maana akaanza kuwaandikia kumbukumbu za maisha yake, wajue mama yao alitoka wapi. Kumbukumbu hizo zilichapishwa Berlin mwaka 1886, na wengi huzihesabu kuwa tawasifu ya kwanza kuchapishwa ya mwanamke Mwarabu. Kurasa kwa kurasa za maembe, mikarafuu, sikukuu, farasi, mawimbi ya Mtoni. Mtu akisoma bila kujua kilikoandikiwa anaweza kudhani ni kitabu kuhusu Unguja. Mimi nakisoma kama kitabu cha mtu aliyefunga dirisha.

Hakuwa peke yake, ingawa sina ushahidi kwamba walikutana. Mwaka 1891 Amur bin Nasur alitoka Unguja kwenda kufundisha Kiswahili Berlin, kwenye chuo cha lugha za Mashariki, miaka michache baada ya Wajerumani kujitwalia Tanganyika. Mwaka 1900 akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, kutoka upande wa Bagamoyo. Huyu tunamdai heshima kubwa, kwa sababu yeye ndiye mkono mkuu katika "Desturi za Wasuaheli", kitabu cha mwaka 1903 ambacho mpaka leo watu hukifungua wakitaka kujua arusi, ngoma na mazishi ya pwani vilikuwaje. Kitabu hicho kilichapishwa yeye akiwa Berlin, kwenye kijivu hichohicho. Mtoro alioa Mjerumani mwaka 1904, na walipojaribu kurudi Afrika Mashariki serikali ya kikoloni ilikataa washuke Dar es Salaam, kwa kuwa mke alikuwa mzungu. Wakarudishwa. Alifia Berlin mwaka 1927. Huyo baridi haikumshika kwa bahati mbaya. Alifungiwa ndani yake kwa amri.

Sayansi ilichelewa kuliko hawa wote. Norman Rosenthal, daktari aliyezaliwa na kusomea Johannesburg, alihamia New York mwaka 1976 na kushangaa kwamba kila majira ya baridi nguvu zake zinamwishia, halafu zinarudi siku zikirefuka. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 29 waliozama kwenye huzuni nzito kila msimu wa giza, na wakaonyesha kwamba mwanga mkali wa taa unaweza kuwasaidia. Naona ina maana kwamba aliyelipa tatizo hili jina alikuwa mtu wa jua. Waliozaliwa ndani ya kijivu walikizoea, wakakiita maisha.

Siku hizi taa hizo zinauzwa. Nguvu yake kwa kawaida ni lux 10,000, unakaa mbele yake nusu saa hivi asubuhi. Kuna na suala la vitamini D: kule kaskazini jua la majira ya baridi ni dhaifu mno ngozi haiwezi kuitengeneza, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe hata wakati wa joto. Mambo ya kumuuliza daktari mapema, si ya kugundua Januari ukilia kwenye basi. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na kazi Septemba 2024, na kila nikipita mjini naona mabango ya madarasa ya Kijerumani. B1, B2, mahojiano, viza. Binamu yangu alifundishwa vitenzi vyote. Siku hata moja hakuna aliyemtajia giza la saa kumi.

Salme alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885, Barghash akakataa kumpokea, na tena 1888, Barghash akiwa ameshakufa. Baadaye akaishi Jaffa na Beirut miaka zaidi ya 20, karibu na bahari na jua, na hilo peke yake linanieleza mengi kuhusu alivyoichukulia Ujerumani. Alirudi huko 1914. Alifia Jena, Februari 1924, majira ya baridi. Husimuliwa kwamba kwenye vitu vyake walikuta mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, wakauzika pamoja naye kwenye makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kando ya Heinrich.

Nilimwambia binamu yangu haya yote kwa simu, vipande vipande, mwezi mzima. Alikuwa ameshapata kikundi cha Wakenya wanaopika pamoja Jumamosi, na ameanza kutoka nje saa sita mchana hata kukiwa na manyunyu, kwa sababu muuguzi mmoja mzee alimwambia wingu la mchana bado lina mwanga kuliko balbu ya chumbani. Jumapili moja akaenda Ohlsdorf. Makaburi yale ni makubwa hivi kwamba basi la abiria hupita ndani yake. Alishuka kituo kisicho chake, akatembea karibu saa nzima, upepo ukaugeuza mwavuli. Aliponipigia alikuwa bado anatafuta.

"Umelowa?" nikamuuliza.

"Kabisa. Lakini ngoja usikate, niongeleshe tu. Hapa sijaongea Kiswahili tangu Ijumaa."

Tukaongea hadi simu yake ikaisha chaji.