Mwandani na Mtunzi: Historia Fupi ya Batman na Robin

Utangulizi

Hadithi za Batman, yule shujaa wa Kimarekani avaaye vazi la popo na kupambana na wahalifu wa ajabu akifuatana na kijana Robin, zilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa burudani ya watoto isiyostahili kuwashughulisha wanachuoni. Hata hivyo, historia ya hadithi hizo inagusa suala ambalo mwanafunzi wa fasihi hawezi kulikwepa, nalo ni hili: je, kazi iliyotungwa na watu wawili yawezaje kuhesabiwa kuwa ya mmoja? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwandani wa shujaa huyu aliletwa kwa sababu ya haja ya mazungumzo, na kwamba aliyeitambua haja hiyo, Bill Finger, yeye mwenyewe alikuwa mwandani wa mchoraji Bob Kane ambaye jina lake lilifichika kwa zaidi ya miaka 70.

Kuzaliwa kwa Shujaa

Superman alipotokea mwaka 1938 na kupendwa mno, wachapishaji wake walitamani mashujaa wengine wa namna hiyo. Kane alichora mtu mwenye nguo nyekundu, mabawa magumu na barakoa ndogo machoni. Finger, ambaye wakati huo alikuwa akiuza viatu, alimshauri abadili karibu kila kitu: barakoa iwe ya kufunika kichwa na iwe na masikio ya popo, mabawa yawe joho, na rangi nyekundu iondolewe. Finger ndiye pia aliyeandika hadithi ya kwanza, iliyotoka katika Detective Comics nambari 27 ya Mei 1939. Yafaa ikumbukwe kwamba yeye naye aliazima: mtiririko wa hadithi hiyo ulitokana na hadithi ya mwaka 1936 kuhusu shujaa mwingine aliyeitwa The Shadow. Lakini jina lililoonekana lilikuwa la Kane peke yake, na mkataba wake na wachapishaji ukalithibitisha.

Haja ya Msemeshwa

Batman wa mwanzo alikuwa mtu wa usiku na upweke. Upweke huo ulimtatiza mwandishi. Mpelelezi hufikiri, na hadithi ya picha haina njia nyepesi ya kuonyesha fikra isipokuwa kwa maneno yanayosemwa. Finger alieleza baadaye kwamba shujaa wake hakuwa na mtu wa kuzungumza naye, akakumbuka jinsi Sherlock Holmes alivyopewa Watson. Basi Aprili 1940, katika nambari 38, akatokea Robin, mtoto wa wanasarakasi waliouawa. Jina lake lilipendekezwa na Jerry Robinson, msaidizi wa Kane katika uchoraji, aliyelitoa kwa Robin Hood.

Badiliko hilo halikuwa dogo. Tangu hapo shujaa aliuliza na kujibiwa, alieleza na kutaniwa. Giza la hadithi likapungua, na msomaji mdogo akampata wa kumwakilisha ndani ya kisa.

Wahalifu nao walikua pamoja na mazungumzo hayo. Joker, aliyezuka mwaka huohuo wa 1940, alitangaza katika redio nani atakufa na saa ngapi. Penguin na miavuli yake alifuata mwaka 1941. Mwaka 1948 Finger alimbuni Riddler, mhalifu asiyeweza kuiba kabla ya kuwapelekea maadui zake fumbo la kuwadokezea atakapoiba. Hapa ndipo kazi ya mwandani inapodhihirika zaidi. Kitendawili hakikamiliki kwa mtegaji peke yake. Sharti awepo wa kuitikia na kutegua. Mbele ya mhalifu wa aina hii, silaha kubwa ya mashujaa ni ufasiri wa maneno, na ufasiri huo hufanyika kwa majibizano baina ya wawili.

Lawama na Kicheko

Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu cha kuzishutumu hadithi za katuni, akadai miongoni mwa mengine kwamba maisha ya Batman na Robin nyumbani yaliashiria mapenzi ya jinsia moja. Mwaka huohuo wachapishaji wakajiwekea kanuni kali. Hivyo yule kijana aliyeletwa ili shujaa apate kusema akawa sasa sababu ya shujaa kusemwa.

Miaka 12 baadaye lawama iligeuka kicheko. Tarehe 12 Januari 1966 shirika la ABC lilianza kuonyesha mchezo wa televisheni wa Batman, ukiigizwa na Adam West na Burt Ward. Kufikia 14 Machi 1968 zilikuwa zimeonyeshwa sehemu 120. West aliyasema maneno ya kipuuzi kwa uzito wa kadhi, Ward akamwitikia kwa viapo vya mshangao, na ngumi zilipopigwa tanakali za sauti ziliandikwa kwenye kioo kwa rangi kali. Mpango wa mhalifu ulipozidi kuwa wa kichekesho, ndivyo mashujaa walivyozidi kuutegua kwa makini.

Katika mchezo huo, Oktoba 1966, Finger na mwenzake Charles Sinclair waliandika kisa cha sehemu mbili kuhusu Clock King, mwizi mwenye wazimu wa saa. Humo jina la Finger lilionyeshwa kama mwandishi wa kisa kimoja tu, cha shujaa aliyeshiriki kumbuni.

Kurudishwa kwa Jina

Mwaka mmoja kabla, mpenzi wa katuni Jerry Bails alikuwa ameandika makala ya kueleza mchango wa Finger, na Kane akaukanusha. Finger alifariki mwaka 1974. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1989, Kane alikiri kwamba mwenzake alistahili kutajwa. Hatimaye, Septemba 2015, wachapishaji walikubali jina la Finger liwekwe pamoja na la Kane.

Hitimisho

Washairi wengi wa tenzi za Kiswahili walijitaja katika beti za mwisho, na kwa desturi hiyo mtunzi hakumwachia mwingine hiari ya kumtaja au kumwacha. Finger hakuwa na ubeti wa namna hiyo. Kilichobaki ni alama za mkono wake ndani ya hadithi zenyewe: joho, fumbo, na kijana aulizaye. Mhakiki anayeridhika na jina lililo juu ya jalada atazipita alama hizo bila kuziona. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ni wajibu wa historia ya fasihi kukitafuta kidole cha pili mwenyewe angali hai, asije akatajwa miaka 41 baada ya kufa.