Kapu Lililo Mkononi

Siku ya soko huko Kenyenya, katika nchi ya Wagusii, mtu aweza kumwona mama ameketi mbele ya bidhaa zake akisuka kapu huku akingoja wanunuzi. Kitako kimekwisha, ubavu umefika nusu, na nyuzi zimesimama kama nyasi. Siku moja nilitazama kazi ya namna hiyo pamoja na wanafunzi wangu. Mmoja wao alisema kwamba kapu lile si la asili, kwa kuwa katikati ya katani mlikuwamo nyuzi nyekundu zilizofumuliwa katika sweta kuukuu, na nyingine zilizotolewa katika gunia la nailoni. Mama yule alimsikia, akacheka kidogo, akaendelea kusuka. Lakini neno lile lina madhara: mnunuzi akilishika, huipunguzia thamani kazi ya siku nyingi.

Na tuitazame hiyo katani, ambayo kijana aliikubali kuwa ya asili. Mkonge si mmea wa Afrika. Kwao ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida iletwe katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka katika hiyo michache yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga. Baadaye mkonge ulilimwa Kenya pia, ukapandwa hata mipakani mwa mashamba madogo, na wanawake wakaona kwamba nyuzi zake ni imara.

Haina maana kwamba Wagusii hawakujua kusuka mpaka mkonge ulipokuja. Walikuwa na ekee, kikapu cha kuandalia ugali wa wimbi. Ujuzi ulikuwa mikononi tayari. Kilichobadilika ni uzi.

Mavazi nayo yalibadilika. Zamani yalikuwa ya ngozi, na mwanamke aliyeolewa alivaa ebitinge, pete za chuma za miguuni. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Waingereza walipigana na Wagusii mwaka 1905 na tena mwaka 1908, na kati ya vita hivyo, mwaka 1907, waliweka kituo chao Kisii. Baada ya hayo nguo za madukani zilizidi kuenea. Sisemi kwamba kila badiliko lilikuwa faida, wala kwamba yote yalikuja kwa hiari.

Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuona mambo ya namna hiyo. Wamarekani waliofanya mkataba na Sultani Said mwaka 1833 waliuza Zanzibar kitambaa cha pamba, kikaitwa merikani. Vita vya wao kwa wao vya 1861 hadi 1865 vilipozuia biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vilishika nafasi yake, na jina la merikani likabaki.

Kapu likiisha, ncha za nyuzi hufichwa ndani, na historia hii yote haionekani tena. Ndiyo sababu nilifurahi kwamba tulilikuta nusu. Kijana aliomba kushika ncha ya uzi wa katani, naye mama akamwonyesha jinsi unavyosokotwa pajani. Tulipopita tena jioni, ubavu ulikuwa umeongezeka vidole viwili. Uzi mwekundu ulikuwa umekwisha, naye alikuwa ameanza wa kijani.