Dizeli ikimwagika ardhini: jinsi samadi na mimea inavyosaidia kusafisha udongo

Kama unaishi karibu na mashine ya kusaga, jenereta au kijiwe cha pikipiki, unalijua lile doa jeusi ambalo hata nyasi haioti juu yake. Mvua ikinyesha, mafuta hufuata maji hadi mtaroni, na mengine huzama taratibu kuelekea maji ya chini ya ardhi. Usiyachome moto. Usiyamwagie sabuni pia, kwa sababu sabuni huyasogeza tu mbele.

Nani anayesafisha?

Udongo wenyewe una bakteria na kuvu wanaokula mafuta. Hewa ikiwepo, huyageuza kuwa maji na hewa ya kaboni. Lakini mafuta hayana naitrojeni na fosforasi wanazohitaji, na udongo uliolowa mafuta hukosa hewa. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska, Marekani, mwaka 1989, baadhi ya fukwe zilinyunyiziwa mbolea ili kuwaongezea nguvu bakteria waliokuwa hapo tayari. Kwako wewe, samadi iliyooza inafanya kazi hiyo hiyo.

Ufanye nini?

Kwanza ziba panapovuja, la sivyo unajichosha bure. Nyonya mafuta yaliyotuama kwa maranda ya mbao. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kisha chimba udongo uliolowa na uutandaze juu ya turubai zima lisilo na matundu, kingo zikiwa zimeinuliwa. Pawe mbali na kisima, angalau mita 30, na watoto wasifike. Changanya na samadi au mboji, tabaka lisizidi sentimita 30. Nyunyizia maji hadi udongo uwe kama nguo iliyokamuliwa: ukikauka bakteria hulala, ukijaa maji hukosa hewa. Geuza kwa koleo kila wiki, na ufunike mvua ikija.

Kazi hii huchukua miezi, si siku. Dizeli huoza haraka kuliko oili nzito. Oili chafu ya injini ina shida nyingine: hubeba metali kama risasi, na hakuna bakteria anayeweza kuila metali. Kwa hiyo usipande mchicha wala sukuma kwenye udongo huo, hata kama harufu imekwisha. Panda nyasi. Mizizi yake huingiza hewa na kuwalisha bakteria, lakini mbuzi wasiilishwe.

Na maji machafu ya nyumbani?

Hapo mimea ina nguvu zaidi. Mjini Kampala, kinamasi cha Nakivubo chenye mafunjo hupokea maji machafu ya jiji kabla hayajafika Ziwa Victoria, na bakteria walio kwenye mizizi hupunguza uchafu. Kwa udogo wake, shimo lenye migomba kando ya bafu hufanya vivyo hivyo. Chuja mafuta ya kupikia kwa nyasi kavu kwanza, maana huziba udongo. Maji ya choo yasielekezwe huko.

Ukihisi mafuta kwenye maji ya kunywa

Acha kuyatumia mara moja. Kuchemsha hakuondoi dizeli, na vidonge vya klorini haviiondoi. Waambie majirani, kisha toa taarifa kwa kamati ya maji ya eneo lako siku hiyo hiyo.