Darubini ya Jicho Moja au ya Macho Mawili?

Wasikilizaji wetu, jambo tutakalolieleza leo laonekana dogo, lakini limeamua mengi katika nchi hii ya kusini-magharibi ya Tanzania, tangu Tunduma mpaka mbuga za Ziwa Rukwa. Nalo ni hili: mwindaji atakaye kumtambua mnyama kwa mbali, achukue darubini ya macho mawili, au ile ndefu ya jicho moja?

Huko Ulaya swali hili wamelijadili sana wawindao ayala katika milima ya Scotland. Ayala ndiye mnyama atajwaye katika Zaburi, na kwetu hayupo; Afrika yote iliyo kusini ya Sahara haina ayala wa asili. Pembe zake huanguka kila mwaka zikaota nyingine, wala si kama pembe za palahala au pofu, ambazo mnyama hufa nazo. Katika milima ile isiyo na miti mingi, mtumishi wa mwindaji hulala chali, akaliegemeza bomba la shaba gotini au juu ya fimbo yake, akautazama mlima wa pili kwa kitambo kirefu pasipo kutikisika. Mwaka 1900, wakati wa Vita vya Makaburu, Lord Lovat aliwakusanya watu wa kazi hiyo akafanya kikosi kilichoitwa Lovat Scouts, nao wakaenda Afrika ya Kusini na mabomba yao.

Lakini kabla ya hapo, darubini ya jicho moja ilikuwa imekwisha kufika kwetu kwa kazi nyingine. Waingereza na Wadachi walipatana tarehe 1 Julai 1890 juu ya mpaka baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika; walakini mpaka huo ulikuwa katika karatasi tu, wala hapana mtu aliyejua upite kilima gani. Mwaka 1898 wapimaji wa pande zote mbili, na upande wa Waingereza mkubwa wao Kapteni Close, walikuja kuutafuta juu ya ardhi. Chombo chao kilikuwa na darubini ya jicho moja, imefungwa juu ya miguu mitatu, wakatazama alama kutoka kilele hata kilele na kupima pembe zake. Basi mpaka ambao leo malori hupanga foleni kuuvuka pale Tunduma, ulitiwa katika ramani kwa jicho moja lililofumbuka na la pili limefumbwa.

Na zile za macho mawili? Za zamani zilikuwa dhaifu, zikikuza mara tatu au nne tu. Mwitalia Ignazio Porro alipata hati ya ugunduzi wake mwaka 1854: aliikunja njia ya nuru kwa vioo vya pembe tatu, hata bomba refu likawa fupi. Ugunduzi huo ulikaa karibu miaka arobaini bila faida kubwa, maana vioo safi vya kutosha havikupatikana. Mwaka 1894 kiwanda cha Zeiss cha mji wa Jena, chini ya Ernst Abbe, kilianza kuziuza darubini za namna hiyo, nazo zikawa sifa ya Wadachi. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, Waingereza walijiona wamepungukiwa mno. Lord Roberts, mzee wa majeshi yao, akawaomba raia waazimishe darubini zao za nyumbani, hata zile za kuwindia ayala. Vita hivyo vilifika hapa pia. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka huu kuwaendea Wadachi, na mwanzo wa Novemba 1918 Lettow-Vorbeck aliishambulia Fife, karibu sana na Tunduma, asiiteke.

Sasa turudi kwa wanyama, maana hapo ndipo penye uzito wa swali letu. Tarehe 19 Mei 1900, wajumbe wa serikali zilizotawala Afrika walitia sahihi mapatano huko London, yakikataza kuua wanyama wadogo wa namna nyingi, na majike waliofuatana na watoto wao. Mapatano yenyewe hayakupata nguvu kamili, kwa kuwa si serikali zote zilizoyathibitisha. Lakini fikira zake ziliingia katika sheria nyingi za uwindaji. Basi haikutosha tena mtu kusema, ``Nimeona mnyama.'' Ilimpasa kusema ni dume au jike, mzima au kijana.

Kwa tandala na pongo kazi hii ni rahisi, maana majike hawana pembe. Kwa palahala ni taabu. Dume mzima ni mweusi, na pembe zake nene zimepinda nyuma kama upanga. Lakini jike naye ana pembe, na dume kijana ana rangi ya hudhurungi kama mama yake. Wakisimama nyuma ya miti ya miombo, kivuli kimewaangukia, hata mzoefu hudanganyika. Korongo ni mgumu zaidi, kwa kuwa dume na jike wafanana rangi. Hapo mwindaji hutaka kuona unene wa shina la pembe na umbo la shingo, na darubini ya kukuza mara 6 haimwonyeshi vizuri kwa mbali. Ile ya kukuza mara 20 yaweza, iwapo mnyama atasimama.

Walakini kukuza kuna gharama yake. Kwa umbali wa mita 1,000, darubini ya macho mawili ya mara 6 huonyesha upana wa mita 150 hivi. Ile ndefu huonyesha kama mita 40 tu. Atafutaye kundi kwa bomba hilo ni kama atazamaye soko kwa tundu la ufunguo. Tena mkono ukitetemeka, mtetemo nao hukuzwa, na saa sita mchana mazigazi hukuzwa vile vile, hata pembe zikachezacheza kama majani ndani ya maji. Nuru nayo ina hesabu yake: gawanya upana wa kioo cha mbele kwa idadi ya kukuza. Milimita 30 kwa 6 ni 5; milimita 60 kwa 20 ni 3. Mchana tofauti hiyo si kitu, lakini alfajiri na magharibi, wanyama watokapo malishoni, mboni ya jicho hupanuka, na mwenye 5 huona wakati mwenye 3 aona giza.

Wawindaji wa Ulaya walioandika vitabu walisifu sana bunduki zao na vioo vyao. Wafuatao nyayo, ambao mara nyingi walimwona mnyama kwanza kwa macho matupu, hawakuandikwa sana. Nasi twaona hapo pana upungufu, maana darubini haitafuti yenyewe. Huelekezwa na mtu ajuaye mnyama hulala wapi jua likiwa kali. Mwenyeji mwenye gobori hakuwa na kioo chochote. Yeye alisogea, akipima upepo kwa vumbi, mpaka amtambue mnyama kwa karibu.

Kwa hiyo, katika miombo ya Mbozi na Momba, ambako miti huziba macho na nyasi hukaa ndefu mpaka zichomwe wakati wa kiangazi, twasema anayeweza kununua moja tu, anunue ya macho mawili. Akishuka mbuga za Rukwa, ambako sheshe na nyamera huonekana katika uwanda mtupu, na achukue pia ile ndefu pamoja na miguu yake mitatu, aifungue asubuhi na mapema kabla ya mazigazi kuanza.